Zulia likichakaa liende wapi? Yaliyowapata wenye viwanda vya nje, na tunachoweza kuanza nacho Kigoma na Tabora

Mpenda Malagarasi (mleta uzi, Ujiji)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nauleta uzi huu kwa sababu jambo lenyewe limeshatufikia mlangoni bila kujadiliwa. Nyumba nyingi za Ujiji, Mwanga na Gungu zimeacha jamvi na mkeka wa ukindu, zikahamia kwenye kapeti la manyoya au zulia la plastiki linalouzwa kwa mita. Misikiti inatandika mazulia kuanzia kibla hadi mlangoni, na ofisi na nyumba za wageni zinafanya vivyo hivyo. Zulia hilo lina umri wake. Likichakaa linakatwa vipande, kisha linapelekwa dampo, linatupwa korongoni au linachomwa nyuma ya nyumba, na sijamsikia mtu mkoani petu akiuliza limetengenezwa kwa kitu gani kabla ya kuliwashia kiberiti. Mkeka wa ukindu ulioza ukawa udongo. Zulia la polipropilini litabaki pale lilipotupwa, na mvua za masika zitazishusha nyuzi zake kidogo kidogo hadi Ziwa Tanganyika, ambako ndiko tunakopata dagaa na maji ya kunywa.

Wenzetu wenye viwanda vya mazulia wamelihangaikia jambo hili kwa zaidi ya miaka 20, na safari yao ina mafunzo ambayo hatuna sababu ya kuyagharimia upya. Niliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha plastiki Dar es Salaam kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo sehemu ya haya nimeyashika kwa mikono na sehemu nyingine nimeyafuatilia kwa kusoma. Hoja yangu ni moja: zulia halirejelezwi kwa nia njema peke yake. Hurejelezwa pale tu linapojulikana limetengenezwa kwa nini, na pale gharama ya kulipokea likichakaa inapokuwa imelipwa tangu siku lilipouzwa.

Nianze na zulia lenyewe. Ukilitazama kwa juu unaona manyoya tu, lakini kapeti la kawaida la kiwandani lina matabaka manne. Juu kuna nyuzi, ambazo zaweza kuwa nailoni, poliesta, polipropilini au sufu. Nyuzi hizo hushonwa kwa safu za sindano nyingi kwenye kitambaa kilichofumwa kwa polipropilini. Chini yake hupakwa gundi ya lateksi iliyochanganywa na unga mwingi wa mawe ya chokaa ili izishike nyuzi zisichomoke, kisha hubandikwa kitambaa cha pili cha kufunika mgongo. Katika makapeti mengi manyoya yale tunayoyalipia ni chini ya nusu ya uzito wote, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni gundi na chokaa. Ukitia mchanganyiko huo kwenye mashine ya kuyeyusha plastiki unapata uji mchafu usiofaa kutengenezea hata ndoo, kwa sababu kila plastiki ina joto lake la kuyeyukia: polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, nailoni 6 kwenye 220, poliesta kwenye 250 na zaidi, na lateksi iliyokwisha kukauka haiyeyuki kabisa. Zulia linadumu kwa sababu limeshikana vizuri, na kushikana huko ndiko kunakomshinda anayetaka kulirejeleza.

Marekani, ambako mji wa Dalton katika jimbo la Georgia ndio kitovu cha utengenezaji wa makapeti, wenye viwanda, serikali ya shirikisho, majimbo na mashirika ya mazingira walitia saini makubaliano mwaka 2002, yakazaa chombo kiitwacho Carpet America Recovery Effort. Waliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2012 asilimia 40 ya makapeti yanayotupwa isifike dampo. Mwaka huo ulipofika walikuwa karibu na asilimia 10. Hata mwaka 2018, takwimu za wakala wa mazingira wa Marekani zilionyesha kuwa kati ya tani milioni 3.4 za mazulia zilizotupwa, takriban asilimia 9 tu ndiyo iliyorejelezwa, na karibu robo tatu ilifukiwa ardhini.

Kwa nini walishindwa, ilhali fedha wanazo na wahandisi wanao? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu jibu lake ndilo litakalotuongoza.

Nailoni 6 ina sifa ya pekee. Imejengwa kwa kiungo kimoja kinachojirudia, kiitwacho kaprolaktamu, na ukiipasha joto kwa mvuke pamoja na kichocheo, mnyororo wake hufunguka, kiungo kile kinarudi kama kilivyokuwa, kinasafishwa kwa kukenekwa, halafu kinatumika kutengeneza nailoni mpya isiyotofautiana na ile iliyotokana na mafuta ya petroli. Kwa kutegemea sifa hiyo, kampuni mbili kubwa za kemikali zilifungua kiwanda cha Evergreen mjini Augusta, Georgia, mwaka 1999. Kemia yake ilifanya kazi vizuri, lakini kiwanda kilifungwa mwaka 2001. Kilipaswa kushindana na kaprolaktamu mpya ambayo bei yake hupanda na kushuka pamoja na mafuta, huku chenyewe kikibeba gharama za kukusanya, kutambua, kusafirisha na kuchana makapeti kutoka pande zote za nchi. Kampuni ya makapeti ya Shaw ilikinunua baadaye na kukiwasha tena mwaka 2007. Huko Premnitz, Ujerumani, kiwanda kingine kikubwa kilichojengwa kwa wazo la jinsi hiyo kilifilisika mwaka 2003.

Kisha likaja pigo ambalo halikutokana na warejelezaji. Wanunuzi wa majumbani walihamia kwenye makapeti ya poliesta kwa sababu ni laini na ya bei nafuu. Nailoni kuukuu ina soko, kwani inarudi kuwa nyuzi na pia hutumika kutengeneza vipuri vya magari. Poliesta ya kapeti kuukuu inashindana na chupa za maji, ambazo ni safi zaidi na ni rahisi kuzikusanya. Warejelezaji waliokuwa wamejipanga kwa ajili ya nailoni wakajikuta marobota yao yamejaa kitu kisichowalipa, na baadhi yao wakafunga milango.

Jimbo la California ndilo lililochukua njia tofauti. Lilipitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia Julai 2011 kila yadi ya mraba ya kapeti jipya ililipiwa tozo ya senti 5 za dola, ambayo baadaye ilipandishwa mara kadhaa. Fedha hizo hulipwa kwa wanaokusanya na wanaorejeleza, hasa kwa zile aina zisizojilipa zenyewe. Mwaka 2017 sheria iliongezewa lengo la kurejeleza asilimia 24 ifikapo Januari 1, 2020. Lengo hilo lilichelewa kufikiwa, lakini baadaye lilifikiwa na kupitwa. Ukiweka matokeo hayo kando ya yale ya nchi nzima, utaona kuwa mashine na kemia zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu aliyekwisha kulipa.

Naomba michango yenu, hasa ya mafundi, wafanyabiashara na wakulima, kwa kuwa nataka tujue nini kinawezekana hapa kwetu kwa hali tuliyo nayo.

Fundi wa Mwanga

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kuigusa kazi yangu. Mimi hutandika makapeti na mazulia ya plastiki hapa mjini Kigoma, na huitwa pia kuyang'oa ya zamani. Nathibitisha uliyoyasema, na naongeza kwamba zulia linalong'olewa halitoki peke yake: linatoka na gundi, misumari, vipande vya sakafu na sponji iliyokuwa chini yake, na kama chumba kiliwahi kuingia maji linatoka na ukungu. Mteja hunilipa kutandika jipya. La zamani huniambia, "Fundi, ondoka nalo." Kwa hiyo mwenye guta hulipwa kutoka mfukoni mwangu, na mwenye guta naye hatafuti mbali, humwaga panapomfaa. Hiyo ndiyo hali yetu, na simlaumu.

Swali langu ni la kikazi. Wazungu wana vifaa vya kumulika kapeti na kusoma aina ya nyuzi. Mimi nina kisu, mkasi na futi. Nitalijuaje hili ni nailoni na lile ni poliesta, ilhali nyuma ya zulia hakuna maandishi?

Mpenda Malagarasi

Fundi, swali lako ndilo la msingi, na jibu lake liko karibu zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu tuna chumvi ya Uvinza.

Ni kweli kwamba kwenye maghala ya nje hutumia kifaa cha mkononi kinachomulika kwa miale isiyoonekana kwa macho na kutaja aina ya nyuzi kwa sekunde chache. Lakini baada ya kapeti kuchanwa, viwanda vingi hutenganisha vipande kwa kutumia uzito wake ndani ya maji, jambo linalowezekana hata kwenye bilauri. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwani sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 0.9 hivi. Nailoni ina 1.14 na poliesta 1.38. Kata nyuzi chache za juu bila kugusa gundi, zioshe kwa maji ya sabuni ili mapovu ya hewa yasizibebe, kisha zizamishe kwa kijiti kwenye maji safi. Zikielea, hiyo ni polipropilini, au mara chache plastiki ya jamii yake. Zikizama, hamia kwenye bilauri ya pili.

Bilauri ya pili iwe na maji ya moto yaliyotiwa chumvi hadi chumvi ikatae kuyeyuka, takriban gramu 360 kwa lita, halafu uyaache yapoe na kutulia. Maji hayo huwa na uzito wa 1.2 hivi. Nailoni itaelea humo na poliesta itazama. Sufu nayo itazama, lakini sufu unaijua kwa kuchoma uzi mmoja tu, tena nje ya nyumba: hunuka nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kwa vidole. Akriliki, ambayo imo kwenye baadhi ya mazulia ya kuswalia, huelea kwa shida katika maji ya chumvi, kwa hiyo ukikuta nyuzi zinazosuasua, zitenge usiziweke kwenye fungu la nailoni. Njia hii haitenganishi nailoni 6 na nailoni 6,6, ambayo ni aina nyingine ya nailoni. Hayo yatafanywa na mnunuzi mwenye vifaa. Ila kwa fundi anayetaka kuweka mafungu matatu kwenye banda lake, inatosha kabisa.

Zulia la plastiki lisilo na manyoya halihitaji bilauri. Hilo ni la PVC, plastiki yenye klorini ndani yake, na naomba lisichanganywe na kitu kingine chochote, na zaidi ya yote lisichomwe. Moshi wake una asidi ya haidrokloriki inayounguza mapafu, na moto hafifu wa nyuma ya nyumba huzalisha dioksini, sumu inayokaa miaka mingi kwenye mafuta ya mwili wa mtu na wa mnyama.

Mkulima wa bustani, Kasulu

Mleta uzi, je, si ingekuwa busara kuyatumia mazulia kufunikia udongo shambani ili kuzuia magugu na kuhifadhi unyevu? Nimeona watu wakifanya hivyo, na gharama yake ni sifuri.

Mpenda Malagarasi

Ndugu yangu, Waingereza wenye bustani za mboga walilizoea jambo hilo kwa miaka mingi, na leo mamlaka nyingi zinazogawa viwanja vya bustani huko zimelikataza. Baada ya misimu michache jua na mvua huliozesha gundi, nyuzi zinaachana na kuingia udongoni, na hakuna reki inayoweza kuzitoa. Zaidi ya hapo, makapeti mengi ya zamani yalitiwa dawa za kuzuia madoa zenye florini, za kundi ambalo haliozi katika mazingira, na kampuni ya 3M ilitangaza mwaka 2000 kwamba itaacha kutengeneza aina mojawapo kubwa ya dawa hizo. Sponji za chini nazo, hasa zile zilizotengenezwa kwa vipande vya sponji kuukuu, zilibeba dawa za kuzuia moto ambazo Mkataba wa Stockholm uliziingiza mwaka 2009 katika orodha ya kemikali za kuondolewa. Sisi mazulia mengi ya mtumba hatujui yalitoka wapi wala yalitiwa nini. Kwenye mchicha na nyanya za kula, nakushauri utumie majani makavu na maganda ya mpunga.

Binti wa Urambo

Naomba kuongezea hapo kwa upande wa Tabora, kwa sababu baba yangu ni mkulima wa tumbaku na mimi nimefanya kazi ya karani katika chama chetu cha msingi.

Hatari ya nyuzi za plastiki kwetu inahusu mkate wa kila siku. Tumbaku hufungwa kwenye magunia ya juti kwa makusudi, na marobota yakikutwa na kamba ya plastiki, uzi wa kiroba au manyoya ya aina yoyote, wateuzi huyakataa au kuyashusha daraja, kwa maana uzi ule ukisagwa pamoja na jani hautoki tena. Wenzetu wa Igunga na Nzega wanaolima pamba wanajua shida hiyo hiyo: uzi wa polipropilini ukiingia kwenye pamba hufuatana nayo hadi kwenye kitambaa, hukataa rangi, na mnunuzi hurudisha lawama kwa mkulima. Nimeona kwa macho yangu kapeti kuukuu likitandikwa kwenye sakafu ya ghala ili majani yasiguse saruji. Mwenye ghala alidhani anayatunza majani, kumbe anayachafua. Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: kila tunapojadili matumizi ya pili ya mazulia mkoani Tabora, ghala la tumbaku, bani la kukaushia na uwanja wa kuanikia pamba viwekwe nje ya mjadala.

Naunga mkono pia wazo la kutenganisha mapema. Chama cha msingi kinaweza kupiga marufuku zulia ghalani kwa uamuzi wa mkutano mmoja, bila kungoja waraka kutoka wizarani.

Mzee wa Reli, Tabora Mjini

Wanangu, nawasoma kwa makini. Nimefanya kazi ya bohari za mizigo kwa muda mrefu na nimejifunza kuhesabu gharama kabla ya kusifia jambo. Mleta uzi mwenyewe ametuambia kwamba Wamarekani walilenga asilimia 40 wakaambulia 10, na viwanda vikafungwa kwao na kwa Wajerumani. Kama wenye barabara za lami na maghala ya kisasa wameshindwa, sisi tutabeba vipi mzigo mwepesi wa uzito na mkubwa wa umbo kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, umbali wa kilometa zaidi ya 1,200 kwa njia ya reli? Behewa litajaa kabla halijafikia nusu ya uzito wake. Mimi naona heri yachomwe kwenye matanuri ya saruji, yatoe joto, na habari iishie hapo.

Mpenda Malagarasi

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni nzito na naijibu kwa heshima, kwa kuwa umegusa mahali ambapo miradi mingi hufia.

Kuhusu matanuri ya saruji, ni kweli kwamba yanafaa kuliko moto wa dampo. Ndani ya tanuri malighafi hufikia nyuzijoto 1,450 hivi, plastiki huungua kabisa, na ile chokaa ya kwenye gundi huingia katika saruji, kwa kuwa chokaa ndiyo malighafi yake kuu. Uingereza, ambako chama cha Carpet Recycling UK kilianzishwa mwaka 2008, sehemu kubwa ya mazulia yanayookolewa kutoka dampo huishia kwenye kuzalisha nishati. Nakubali kwamba ule mchanganyiko wa gundi na vumbi, ambao hauna mnunuzi popote duniani, mahali pake ni huko. Lakini viwanda vyetu vikubwa vya saruji viko Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Mbeya, kwa hiyo safari unayoihofia itakuwepo vile vile, tena kwa mzigo ambao mwisho wake ni kuwashwa moto. Isitoshe, PVC haifai tanurini kwa sababu klorini yake hula mitambo na kuharibu saruji.

Kuhusu kujaa kwa behewa, ndiyo sababu nasema kutenganisha kufanyike hapa hapa na kubana marobota kufanyike hapa hapa. Zulia lililokunjwa hubeba hewa. Manyoya ya polipropilini yaliyonyolewa, yakabanwa kwa mashine ya mkono kama zile za kubania pamba au makatoni, ni bidhaa yenye uzito. Na polipropilini haina haja ya kufika mbali, maana ndiyo plastiki ya viroba, mabeseni, viti na ndoo, na wasagaji wa plastiki hiyo wako Mwanza na Dar es Salaam. Naiweka mbele ya nailoni kwa hapa kwetu kwa sababu mazulia mengi ya kisasa ya misikitini na ya sebuleni, hasa yale yanayotoka Uturuki katika viwanda vya Gaziantep, yamefumwa kwa mashine kwa nyuzi za polipropilini, tena yana gundi nyepesi kuliko makapeti ya Kimarekani.

Kuhusu kushindwa kwao, naomba tulitazame kwa undani. Walishindwa walipotegemea thamani ya nailoni iwalipe gharama zote. Walipoweka tozo, hali ilibadilika. Na wapo waliobadilisha zulia lenyewe: kampuni ya Interface, iliyoanzishwa mwaka 1973 na Ray Anderson, ilijikita katika mazulia ya vipande vya mraba, ambavyo kimoja kikichafuka kinang'olewa peke yake bila kugusa vingine. Kuanzia mwaka 1994 Anderson aliifanya kazi ya kupunguza taka kuwa dira ya kampuni nzima, na aliisimamia hadi alipofariki mwaka 2011. Uholanzi nako kulibuniwa zulia la plastiki ya aina moja tu juu na chini, na lingine ambalo gundi yake huachia kwa joto ili matabaka yatengane yenyewe. Fundi wetu wa Mwanga angepewa zulia la namna hiyo kulitandika, asingekuwa na haja ya bilauri.

Mzee wa Reli, Tabora Mjini

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye marobota umenielewa vizuri. Nitakubali ukinionyesha nani atalipa mashine ya kubania na banda la kuhifadhia. Mvua moja tu ikinyesha juu ya manyoya yale, uzito wa maji ndio utakaosafirishwa.

Dada wa Kibirizi

Nami nachangia kama mfanyabiashara wa dagaa. Mjadala ni wa mazulia, lakini mlipoitaja nailoni nikakumbuka nyavu. Pale mwaloni Kibirizi, na kwenye mialo mingine ya ziwa, nyavu mbovu zimelundikana, nyingine zinazama na kuendelea kunasa samaki bila mwenyewe. Ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, wavuvi wengi walipata nafasi ya kukagua zana zao, na vilivyotupwa vilikuwa vingi. Je, nyavu hizo zina uhusiano wowote na viwanda hivyo vya mazulia?

Mpenda Malagarasi

Dada, zina uhusiano wa moja kwa moja, na nakushukuru kwa kulileta jambo hili.

Nyavu nyingi za kuvulia zimetengenezwa kwa nailoni 6, ile ile inayoweza kurudishwa kwenye kaprolaktamu, na hazina gundi wala chokaa. Kampuni ya Aquafil ya Italia ilifungua mwaka 2011 kiwanda mjini Ljubljana, Slovenia, ambacho hurudisha nyavu kuukuu na manyoya ya makapeti kuwa nyuzi mpya. Interface, ambayo hununua nyuzi zake, ilishirikiana kuanzia mwaka 2012 na jumuiya ya wanazuolojia ya London katika mradi ulioanzia visiwa vya Ufilipino, ambako wanakijiji walikusanya nyavu, wakaziosha, wakazibana kuwa marobota na kuziuza, na malipo yakapita kwenye vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Mradi huo ulifika hata Kamerun. Zulia la ofisi huko ughaibuni linaweza kuwa lilianzia kwenye wavu wa mvuvi maskini.

Kwa hiyo kama Kigoma inataka fungu la nailoni lenye thamani, lianzie mwaloni. Jaribu bilauri zile mbili kwa uzi wa wavu: ukizama kwenye maji safi na kuelea kwenye maji ya chumvi, una nailoni. Ukielea kwenye maji safi ni wavu wa jamii ya polipropilini, na utaungana na fungu la mazulia ya msikitini. Ukizama kote, ni poliesta, uutenge. Vikundi vya akina mama wanaoanika dagaa vina uzoefu wa kupima, kufungasha na kugawana mapato, na usimamizi wa mwalo uko mikononi mwa vikundi vya wavuvi vinavyotambulika kisheria, kwa hiyo mahali pa kukusanyia pameshapatikana. Hapo pia napata sehemu ya jibu la Mzee wa Reli: banda na mashine ya kubania vitumike kwa nyavu na mazulia kwa pamoja, maana mazulia peke yake hayatailipia mashine hiyo, na nyavu zina uwezo wa kuyabeba.

Sehemu ya pili ya jibu ni halmashauri. Anayeingiza mazulia kwa makontena analipa kodi nyingi, lakini hakuna hata shilingi moja kati ya hizo inayofuatana na zulia hadi siku ya kung'olewa. Jambo hili ni la kupelekwa kwa wabunge na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na sidhani litatimia haraka. Wakati tukilisubiri, fundi anaweza kuanza kuandika gharama ya kuondoa zulia la zamani kama kipengele chake chenyewe kwenye makadirio, mteja akaiona na kuilipa. Nchi yetu iliiondoa mifuko ya plastiki mwaka 2019 na watu wakabadilika ndani ya wiki chache, kwa hiyo sikubali kauli kwamba Mtanzania hawezi kulipia taka yake.

Mjumbe wa kamati ya msikiti, Mwandiga

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimeusoma uzi tangu mwanzo kwa sababu kamati yetu iko katikati ya michango ya zulia jipya, na la zamani bado liko chini. Wapo waumini wanaoona si heshima kulitupa dampo zulia lililosujudiwa kwa miaka yote hiyo, na mimi ni mmoja wao. Tufanye nini, kwa utaratibu unaowezekana?

Mpenda Malagarasi

Wa alaykumu s-salaam. Kabla ya kurejeleza kuna kutumia tena, na zulia la msikiti linafaa sana kwa hilo, kwa kuwa watu huvua viatu. Kagueni safu kwa safu. Mara nyingi njia ya mlangoni na safu za mbele ndizo zilizochakaa, na sehemu za pembeni na kwenye kuta bado ni nzima. Kateni hizo kwa kufuata alama za safu, zipigwe jua na kusuguliwa kwa brashi, kingo zishonwe ili nyuzi zisichomoke, kisha zipelekwe kwenye madrasa na misikiti midogo ya vijijini ambayo bado inaswalia juu ya majamvi. Lililochakaa kabisa lipimwe kwa bilauri, likunjwe kavu, lifungwe, liandikwe aina yake kwa wino usiofutika, na lihifadhiwe chini ya paa hadi apatikane mnunuzi.

Kwa zulia jipya, muulizeni muuzaji mambo matatu na majibu yaandikwe kwenye ankara: nyuzi za juu ni za aina gani, mgongo wake ni wa nini, na kama linatandikwa kwa gundi au kwa kulaza tu. Zulia la kulaza, lenye polipropilini juu na gundi kidogo mgongoni, ndilo nitakalolipendekeza kwa sasa. Atakayekataa kuandika, msinunue kwake.

Mjumbe wa kamati ya msikiti, Mwandiga

Tumekutana baada ya swala ya alasiri na tumekubaliana. Tumefanya kipimo: nyuzi zimeelea kwenye maji safi, kwa hiyo ni polipropilini kama ulivyokisia. Maswali matatu tumeyapeleka kwa wauzaji wawili mjini, mmoja ameahidi kuyajibu kwa maandishi na mwingine amesema hajawahi kuulizwa. Fundi wa Mwanga, kama unasoma hapa, tunakuhitaji wiki ijayo kwa kazi ya kukata na kushona kingo, na gharama ya kuondoa zulia la zamani uiandike peke yake kwenye makadirio, tutailipa.

Fundi wa Mwanga

Nimesoma, mjumbe. Nitakuja na mkasi mkubwa na uzi wa nailoni wa kushonea kingo. Naomba vijana wawili wa kunisaidia kulikunja, na pasiwe na mtu wa kulilowesha kwa maji kabla sijafika.